Watoto Tisa Niliowatoa Orodhani

Kufika mwaka wa 2012 hakukuwa na kitu cha kunishangaza tena duniani. Nilikuwa nikisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye hoteli za chai za Lodwar, na watu walikuwa wakikubali. Nilikuwa nimeshaona ukame ukimaliza mbuzi wa baba yangu mpaka wakabaki wanne, na hao wanne nikawageuza kuwa malori mawili. Nilikuwa nimeshaona laga kavu, mto usio na maji, ile watoto wanachezea mpira asubuhi, ikibeba lori mchana kama kibiriti. Lori la mtu mwingine lakini, si langu, kwa sababu mimi najua pa kuvukia. Ukinifunga macho kwa kitambaa ukaniletea mbuzi, nikimshika hapa mgongoni na hapa kwenye nyonga nakwambia kilo zake, na mzani ukibisha, basi huo mzani umeharibika.

Shuleni nilifika darasa la tatu. Tarakimu nasoma vizuri kuliko makarani wengi. Maneno nayasoma polepole, na haya nimeyaandika kwa miezi mingi, binti yangu mkubwa akinisahihisha na kunung'unika.

Ninaandika kwa sababu ya msichana mmoja ambaye si wangu. Nilimtoa kwenye orodha ya mtihani wa darasa la nane, mimi, kwa kidole changu, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa kazi hiyo.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule moja ya msingi ya serikali hapa mjini. Wazazi walinichagua kwa kuwa lori langu lilileta mchanga na mawe ya vyoo bila kuitisha kitu. Nilidhani kazi ya mwenyekiti ni hiyo, kuleta mawe na kukaa kiti cha mbele siku ya wazazi. Kumbe kuna karatasi. Kila mwanzo wa mwaka ilibandikwa ukutani nje ya ofisi ya elimu, imepanga shule za msingi za serikali kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na zile za kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kila shule na wastani wake wa mtihani wa taifa. Watu walisimama pale juani wakisukumana kama wanaotafuta majina ya ndugu zao. Mwaka huo sisi tulikuwa wa kumi na saba.

Mchinjaji mmoja, mtu anayenunua mbuzi kwangu, alikuwa mwenyekiti wa shule ya upande ule mwingine wa barabara. Yeye alikuwa wa sita.

"Jirani," aliniambia, kijiti cha meno kikiwa bado mdomoni, "umeona nani ni wa tano?"

"Nimeona."

"Soma basi kwa sauti, tusikie."

Alijua maneno nayasoma polepole. Wanaume waliokuwa pale wakacheka. Ya tano ilikuwa shule ya kambini.

"Watoto waliokimbia risasi bila hata daftari," akasema, "wamewapita wenu wanaolala ndani ya chandarua. Hebu wapelekee wale walimu mbuzi mmoja, labda watakuonea huruma."

"Mbuzi nitawapelekea," nikamwambia. "Na kuanzia leo wako wanapanda bei."

Kicheko kikahamia upande wangu, nikaondoka kifua mbele. Lakini lile neno lilinifuata nyumbani, likakaa na mimi kwenye sahani.

Juma lililofuata nilikuwa na mzigo wa mbuzi wa kupeleka Kakuma. Nilipomaliza kuuza nikaenda kuitafuta hiyo shule ya tano. Nilikuta mabati matupu, vumbi, na darasa la nane lenye watoto zaidi ya mia moja, wanne wanne kwenye benchi la wawili. Mwalimu wao alikuwa mtu wa Sudan Kusini, mrefu, mkimbizi kama wao, na watoto walimwita Ustaz, yaani mwalimu kwa Kiarabu chao. Kiswahili alikuwa amejifunzia hapo hapo Kakuma.

Nilimwambia mimi ni mwenyekiti, nimekuja kuona dawa yake.

"Dawa hakuna, Mzee," alisema. "Kaa uangalie."

Akanikalisha nyuma. Benchi la kwanza kabisa, karibu na ubao, lilikuwa na watoto watano ambao hata mimi niliona ni wazito wa kuelewa. Mmoja alijibu swali la mwenzake. Mwingine alikuwa mkubwa, ndevu zimeanza. Kengele ilipolia nilimuuliza Ustaz kwa nini amewaweka mbele wale ambao ningewaficha.

"Wale ndio wageni wangu wa heshima," alisema. "Yule hasikii sikio moja. Huyu haoni mbali. Yule mkubwa amekuja juzi, bado mlango ukigongwa anaruka. Mtoto akibaki nyuma, mimi nauliza kwanza ni nini kimemshika."

"Na si wanakushusha wastani?"

"Wananishusha."

"Si uwapeleke kwingine?"

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Kwingine wapi, Mzee? Sisi hapa ndio kwingine."

Nikacheka naye. Nikampa mkono, nikampa na mbuzi mmoja kama nilivyomwahidi mchinjaji, na njia nzima ya kurudi Lodwar nikamwaza kama mtu mzuri ambaye hajui biashara. Niliamua siri yao lazima iwe ni vitabu vya wafadhili na uji wa saa nne. Niliyoonyeshwa sikuyachukua.

Niliyochukua ni yangu mwenyewe. Sokoni Kakuma mnunuzi mkubwa hapimi mbuzi mmoja mmoja. Anawatazama wote waliofungwa kwenye kamba moja, anatembea mbele yao mara moja, anataja bei ya kichwa. Mbuzi wawili wenye mbavu nje wanashusha bei ya ishirini walionona. Kwa hiyo kabla hajafika, wewe unawatenga waliokonda, unawafunga nyuma ya lori. Kila mfanyabiashara wa mbuzi anajua hivyo, na mimi najua kuliko wengi.

Nikaieleza kamati hesabu hiyo. Tulikuwa tumekaa ndani ya darasa la nne, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu.

Mwalimu mkuu, mtu mpole aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, alisema, "Mwenyekiti, hawa si mbuzi."

"Nani amesema ni mbuzi? Nimesema hesabu ni ile ile."

Na hesabu ilikuwa ile ile, hakuna aliyeweza kuipinga. Kulikuwa na shule ndogo kando ya barabara ya Kakuma, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa lori, yenye watahiniwa wachache mno, na ilihitaji majina zaidi ili ipewe kituo chake cha mtihani. Sisi tulikuwa na watoto arobaini na wanane. Tukiandikisha wale wa mwisho kule, wao wanapata kituo, sisi tunapanda. Wataendelea kusoma kwetu, nilisema, ila jina litakuwa kule na mtihani watafanyia kule. Hakuna anayepoteza.

"Na wazazi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Wazazi niachie mimi."

Alinitazama, kisha akatazama mikono yake. "Wewe ndiye mwenyekiti," alisema.

Tukawapa mtihani wa kuwachuja. Karatasi za kuchapisha hazikuwepo, hivyo mwalimu aliandika maswali ubaoni kwa chaki, kama ilivyokuwa kawaida ya mitihani yote ya shule yetu. Wa mwisho tisa wakapatikana. Mwalimu mkuu alinisomea majina na mimi nikaweka kidole kwenye kila jina, naye akapiga mstari. Halafu nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniomba: nikasema hao tisa wahamishwe benchi la nyuma, ili mbele wakae watakaotubeba.

Mama wa mmoja wao alikuja dukani kwangu siku ya tatu. Alikuwa mjane, akisuka vikapu vya mkoma pamoja na wanawake wengine huko Nawoitorong na kuwauzia wageni wanaopita kwenda Eliye Springs, ufukweni mwa ziwa. Alikuja na binti mwenyewe. Msichana alikuwa mwembamba, ameinamisha kichwa upande mmoja, na alinitazama amekunja macho na pua kana kwamba nanuka. Nikasema moyoni, huyu ana dharau. Nilifurahi kidogo kwamba nimemtoa.

"Ejok, Mwenyekiti," alinisalimu kwa lugha yetu.

"Ejok, Mama. Karibu."

"Nimesikia mtoto wangu ataandikia mtihani barabarani."

"Si barabarani, Mama. Ni shule, iko kando ya barabara."

"Na kwenu kumejaa?"

"Kumejaa," nikasema.

Vidole vyake vilikuwa vikisuka hewa, maana mikono ya msusi haijui kupumzika. "Wale wengine wanasema watoto wao watalala kule siku za mtihani. Ile shule haina milango. Wangu ni msichana. Hatalala."

"Basi hatalala," nikamwambia. "Lori langu linapita pale. Asubuhi nampeleka, jioni namrudisha."

"Hilo ni neno lako?"

"Mama, uliza mtu yeyote hapa Lodwar habari ya neno langu."

Akamgusa binti begani, binti akasema asante, na wakaenda. Akiwa mlangoni yule msichana alijikwaa kwenye gunia la chumvi lililokuwa wazi kabisa mbele yake. Hata hilo nililiona. Mbuzi angejikwaa hivyo mbele yangu ningemkamata kabla hajapiga hatua ya pili.

Mwaka ukaenda. Nilinunua chaki, nikanunua mafuta ya taa ya masomo ya jioni, nikawachinjia walimu Pasaka. Msiseme sikujitolea, nilijitolea kuliko wenyeviti wote. Nilipoingia darasa la nane niliwaona tisa wangu huko nyuma ukutani, na yule msichana kila mara alikuwa amelala karibu juu ya daftari la mwenzake, ananakili. Mwalimu alikuwa amechoka kumkemea. Tulisema ni mvivu, hata ubaoni haangalii.

Mtihani ukafika, Desemba mwaka ule kwa sababu ya mgomo wa walimu, siku tatu. Siku ya kwanza nilimchukua saa kumi na mbili asubuhi kwenye kituo cha mafuta, nikamkalisha mbele kati yangu na dereva, nikamfikisha. Jioni nikamrudisha. Mama yake alikuwa amesimama njiani na kikapu kidogo kipya, akakiweka kwenye kiti cha lori bila kusema ni cha nini.

Jioni hiyo hiyo simu ikalia kutoka Kakuma. Wachinjaji wa kambini wameishiwa, lori la kwanza kufika kesho kabla ya soko kufunguliwa litapata bei linayotaka. Nikapakia mbuzi. Ili nifike mapema ilibidi niondoke saa kumi alfajiri. Niliendesha mwenyewe, kwa sababu bei kama hiyo simwachii dereva. Lori la pili lilikuwa Lokichoggio.

Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilisahau. Sikusahau. Tulipopita kituo cha mafuta nilipunguza mwendo. Hapakuwa na mtu, angekuwepo vipi, alikuwa bado na saa mbili za kungoja. Nyumba yao niliijua, haikuwa mbali. Ningeweza kukata kona, nikapiga honi, akatoka na kalamu zake, nikamfikisha shule akiwa mapema mno, akangoja kwenye kibaraza. Nilifikiri yote hayo mguu ukiwa juu ya breki. Halafu nikafikiri: atapata gari. Halafu nikafikiri: hata asipopata, ni mmoja wa wale tisa, hahesabiwi kwetu. Nikatoa mguu kwenye breki.

Nilipata bei niliyoitaka.

Yeye alingoja kituoni mpaka karibu saa tatu asubuhi. Gari la maji likampa lifti. Alipofika karatasi ya sayansi ilikuwa imeanza zamani, na msimamizi akasema sheria ni sheria. Askari aliyekuwa akilinda mtihani alimkalisha kivulini mwa ukuta, akampa chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akangoja karatasi iliyofuata. Hayo aliniambia yeye mwenyewe baadaye, na alisema zaidi juu ya chai kuliko juu ya sayansi.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa pale kituoni kwa wakati, kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipanda. Sikumuuliza jana alifikaje. Alipokuwa akishuka alisema, "Asante, Mwenyekiti."

Matokeo yalipotoka, karatasi ikabandikwa upya ukutani. Sisi wa sita. Mchinjaji wa nane. Mtu akanibeba juu, sijui nani, na mimi si mwepesi. Ile shule ya kambini ilikuwa ya tatu, lakini siku hiyo sikutazama juu ya jina letu. Nikachinja mbuzi watatu pale shuleni, walimu wakala, wazazi wakala, na mchinjaji naye akaja, kwa sababu nyama hakatai.

"Jirani," aliniuliza, mfupa mkononi, "umefanyaje?"

"Siri ya biashara."

Mwalimu mkuu alikula kidogo na kuaga mapema. Alisema tumbo linamsumbua.

Siku chache baadaye yule mama akaja dukani kwangu. Alikuja peke yake. Alitoa ndani ya kikapu karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaifungua, akaiweka juu ya mzani wangu.

"Nimekuletea wewe kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu," alisema. "Niambie hii ni nini."

Nikatazama. Nimesema tarakimu nazisoma vizuri. Hisabati, sabini na moja. Alama za watoto wetu nilizijua zote kwa kichwa, nilikuwa nimezitaja hotelini mara nyingi kama mtu anayetaja mbuzi wake, na katika watoto wote tuliowabakiza ni wawili tu waliopita sabini na moja. Kiingereza vizuri. Kiswahili vizuri zaidi. Masomo ya jamii, vizuri. Mahali pa sayansi palikuwa na herufi X. Na pale chini, pa jumla, palikuwa patupu.

"Mwalimu wa kule anasema bila hiyo moja, hizi nyingine ni kama hazipo."

"Ni kweli, Mama."

"Kwa hiyo hakufanya mtihani."

"Ni kama hakufanya."

Akaanza kukunja karatasi. Akaikunja vizuri sana, kona juu ya kona. Nami nikaona nikiacha aifikishe kwenye kikapu sitaweza kusema tena.

"Mama, kwetu hakukuwa kumejaa. Mimi ndiye niliyemtoa. Na siku ile nilipita kituoni, nikakumbuka, nikaenda."

Hakunyanyua macho. "Najua," alisema. "Lodwar nzima inajua ulipakia mbuzi. Nilikuwa nangoja kuona kama utasema."

"Na nisingesema?"

"Ningemaliza kukunja karatasi yangu."

Ingekuwa nafuu angenitukana. Nilimpa kiti, akakataa. Nikamwambia binti atarudia darasa la nane kwetu, mwaka huo wa 2013, jina lake kwenye orodha yetu. Akasema, "Tutaona," na akaenda.

Hapo ndipo nilipoanza kushangaa, mimi nisiyeshangaa. Mtoto anakuwa wa mwisho shuleni kwangu, halafu kwenye hisabati ya mtihani wa taifa anawapita watoto wetu wote isipokuwa wawili, inakuwaje? Nitasema na hili, ili liwe limesemwa: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ameiba majibu. Nilimwambia mwalimu mkuu hivyo. Yeye akasema, "Ameiba kwa nani, Mwenyekiti? Tulimpeleka mahali ambapo hakuna wa kumwibia."

Nikamwomba mama ruhusa, nikawachukua wote wawili mpaka Kakuma kwa Ustaz. Nilimweka msichana mbele yake na ile karatasi, nikamweleza. Ustaz alichukua chaki. Aliandika mstari mmoja ubaoni, akampeleka msichana mpaka ukuta wa nyuma.

"Soma."

Msichana akakunja macho na pua. Ule uso, ule ule niliouita dharau. Akatikisa kichwa.

"Tembea mbele. Ukiona, simama."

Akatembea. Akapita benchi la mwisho, akapita katikati, akaendelea. Mama yake alikuwa ameshika ncha ya shuka yake kwa meno. Msichana alisimama akiwa na goti kwenye benchi la kwanza, lile la wageni wa heshima, akausoma mstari wote bila kosa.

Ustaz akanigeukia. "Ule mtihani wenu wa kuchuja uliandikwa wapi?"

"Ubaoni."

"Na wa taifa ulikuwa wapi?"

"Kwenye karatasi. Mezani kwake."

"Na darasani alikuwa amekaa wapi?"

Mama alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona ana jambo ambalo hakulijua. Kwamba nimemtoa alijua, na kwamba nilipita kituoni alijua. Benchi la nyuma hakulijua.

"Nyuma," alisema msichana mwenyewe. "Tulihamishwa."

"Mzee," alisema Ustaz kwa upole, "wewe ulikaa hapa mwaka jana. Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha."

Mama yangu mzazi alichunga mbuzi mpaka mwaka aliokufa. Mbuzi akibaki nyuma ya wenzake, hakumtenga, hakumpiga. Alimkamata, akamfungua mdomo kutazama meno, akainua kwato moja moja kutafuta mwiba, akafunua kope kwa kidole gumba. Mimi nikiwa mdogo ndiye niliyekuwa nikimshikilia pembe. Najua mbuzi asiyeona vizuri anavyoinamisha kichwa upande mmoja. Nimelijua hilo kabla sijajua kuhesabu kumi. Lakini mama alikuwa anachunga, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa nauza, na anayeuza hana haja ya kujua kwa nini mbuzi amekonda, ana haja tu asionekane.

Mtaalamu wa macho alikuwa akija hospitali ya Kakuma mara moja moja. Tulingoja siku yake, tukarudi. Akampima, akasema ni kitu kidogo tu, hata si ugonjwa. Siku ya kuchukua miwani msichana aliivaa, akageuza kichwa polepole, akatazama mlango, akamtazama mama yake kwa muda mrefu, halafu mimi.

"Kumbe una kovu," alisema.

Ninalo, hapa shavuni, la pembe ya fahali. Ninalisimulia kila mahali. Miaka yote ananiona, hakuwahi kuliona.

Njiani kurudi alikaa dirishani. Mbali sana, chini ya kilima, kulikuwa na vitu vyeupe.

"Yale ni mawe au mbuzi?" mama yake alimuuliza, akimjaribu.

"Mbuzi. Kumi na mmoja."

Nikahesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

Mwaka huo wa 2013 nilisimama mbele ya kamati nikasema hakuna jina litakalotolewa, na ule mtihani wa kuchuja niliouleta nikauzika mwenyewe. Nikatafuta wale wanane wengine. Wawili niliwapata, wakarudi darasani. Mmoja alikuwa amekwenda kuvua ziwani, mmoja alikuwa ameolewa. Wanne mpaka leo sijui walipo, na hao sikuwahi kuuliza nini kiliwashika. Huenda mmoja wao sikio, mwingine njaa. Sikufunua kope la yeyote.

Novemba ilipofika, msichana alikuwa anafanyia mtihani shuleni kwetu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hata hivyo siku zote tatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliegesha lori nje ya nyumba yao. Kakuma walipiga simu kutaka mbuzi, nikaizima.

"Mwenyekiti," mama yake aliniambia siku ya kwanza, "shule si ile pale?"

"Naiona, Mama."

"Basi hilo lori la nini?"

"Acha liwepo tu."

Msichana alilizunguka lori akaenda kwa miguu na wenzake, miwani imefungwa kamba. Nilimfuata polepole kwa gia ya kwanza mpaka langoni, na watoto wa mtaa mzima wakanicheka.

Karatasi ilipobandikwa tena ukutani tulikuwa tumeshuka mpaka wa kumi na nne. "Jirani, ngazi imevunjika?" mchinjaji aliniuliza, nikasema imevunjika. Yeye alidhani ndiyo hasara yangu. Yule msichana aliitwa sekondari, na mama yake akanitumia kikapu cha pili. Hicho sijaweza kukitumia. Kimekaa juu ya kabati na risiti ya miwani niliyolipia iko ndani, nami huitoa na kuisoma tarakimu zake, ambazo ni chache. Mbuzi aliyekonda kuliko wote niliowahi kuwaficha nyuma ya lori nilimuuza kwa zaidi ya hapo. Miwani elfu moja na mia moja, kamba ya shingoni hamsini. Shilingi elfu moja mia moja na hamsini.